Katekista na Malaika Mwenye Magando

Katekista wetu hajawahi kukosea. Hilo nalijua tangu nikiwa mtoto, kwa sababu alituambia mwenyewe, na katika miaka yote niliyomfahamu hakuna aliyefanikiwa kumwonyesha vinginevyo. Wengine walijaribu. Padri mmoja alijaribu, baadaye akahamishwa. Si kwa sababu hiyo, lakini Katekista alikuwa akilitaja jambo hilo kwa namna ya kuwaacha watu wakifikiri.

Sitaeleza amezaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, maana sijui vizuri, na sidhani kama yeye mwenyewe anaona kuna haja. Yeye ni Katekista. Ukifika mtaa wa Malangali, hapa Sumbawanga, ukauliza nyumba ya Katekista utaonyeshwa, hata na watu wa madhehebu mengine, hata na hawa waliohamia juzi kutoka Mbeya kuja kufanya kazi maofisini. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu mwaka mzima na kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka masikioni. Ukimwambia leo kuna baridi, atakujibu kwamba Sumbawanga hakuna baridi, kuna upepo. Mwezi wa sita, sisi tukiwa tumelizunguka jiko la mkaa, yeye husimama uani akitetemeka kwa sababu ya upepo.

Jumapili moja aligonga kengele ya kanisa saa nzima kabla ya wakati. Saa yake ya mkononi ilikuwa imeamua kukimbia. Watu wakaja mbio, wengine na povu la sabuni bado masikioni, wakakuta kanisa tupu na padri anakunywa chai. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye alipanda mbele akatangaza kwamba leo kuna rozari kabla ya misa, akatusalisha rozari nzima, na Jumapili iliyofuata akagonga mapema tena ili ionekane ni utaratibu. Utaratibu huo upo mpaka leo. Kuna wageni wanaousifu.

Safari nyingine alikuwa anakwenda Laela kwenye harusi ya binti wa dada yake, akapanda basi la Matai. Anayezijua barabara zetu anajua kwamba hayo ni mabasi yanayopeana mgongo. Alirudi kesho yake na mfuko wa maharage begani. Alieleza kwamba alikwenda Matai kutafuta mbegu, kwani za huko ni nzuri. Na harusi je? Harusi, alisema, ilikuwa na watu wa kutosha. Yale maharage aliyapanda, yakakubali kweli kweli, na sasa karibu kila nyumba ya mtaa ule ina mbegu ya Matai. Hapo ndipo ugumu wa kumshika ulipo.

Ukitaka kumwona akiwa na raha, mfuate shambani. Bado analima kwa matuta yale ya mviringo ambayo wazee wa Ufipa walikuwa wakifukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Vijana wanamwambia habari za mbolea ya dukani, naye huwasikiliza kwa huruma. Ulezi wake huwa mzuri. Pombe ya ulezi hanywi, ila akipita nyumba ambayo imepikwa huombwa aonje kama haijaharibika, na yeye ni mtu asiyependa kutoa hukumu ya haraka.

Nikisema tu hayo nitakuwa nimemwonea. Mvua zikianza na kile kijito cha nyuma ya kigango kikijaa, ni yeye anayesimama ndani ya maji akiwavusha watoto wa mafundisho, mmoja mmoja mgongoni, huku akiwauliza maswali ya katekisimu njiani. Ukijibu vibaya hakutupi, lakini unalifikiria. Mama yangu alipolazwa, alikuja na baiskeli kila Ijumaa kumletea uji, na kila Ijumaa alimkemea kwa kuugua. Mama alikuwa akimsubiri kuliko alivyomsubiri daktari.

Utani tu ndio hakuwa nao. Huku kwetu utani ni sehemu ya ujirani. Sisi wa huku juu, mlimani, huwatania watu wa bondeni kule upande wa ziwa kwamba wananuka samaki, nao hututania kwamba damu yetu imeganda kwa baridi, na siku inayopita bila hayo inakuwa siku ya kununiana. Katekista hakushiriki. Hata msibani, watani wakianza vituko vyao mpaka wafiwa wacheke, yeye alikuwa akiinuka kwenda kuangalia kama baiskeli yake ipo.

Na mimi nina kesi yangu naye. Nilipokuwa darasa la komunyo ya kwanza, kitabu kiliuliza Mungu yuko wapi, na jibu lilikuwa kwamba yuko mbinguni, duniani na mahali pote. Ilipofika zamu yangu nilijibu kwamba yuko mbinguni, duniani, mahali pote, na Sumbawanga. Nilikuwa mtoto, niliona ni vizuri na sisi tutajwe. Katekista alifunga kitabu akasema, "Kitabu hakisemi Sumbawanga." Nikajitetea kwamba kama yuko mahali pote, basi na hapa yupo. Akasema hajaniuliza kama yupo, ameniuliza kitabu kinasemaje. Nikarudia mwaka. Wenzangu walivaa nguo nyeupe, na kila mmoja akapewa na Katekista kadi ndogo ya mtakatifu wake, ile ya kuweka kwenye kitabu cha sala. Mwaka uliofuata zamu yangu ilipofika, kadi zilikuwa zimekwisha. Alinipa mkono. Nimezaa, nina duka langu, na bado nikiona kadi ya mtakatifu kwenye kitabu cha mtu ninaumia kidogo. Najua ni jambo dogo. Linauma hivyo hivyo.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kujua kabla sijaendelea, nacho ni miwani. Binti yake alimletea miwani ya kusomea, nzuri tu, kwenye kasha lake. Aliiweka mfuko wa shati. Alikuwa akiitoa, akiifuta kwa leso, akiishika kidogo mkononi ili watu waone kwamba anayo, kisha akiirudisha. Masomo ya misa alikuwa akiyasoma kwa kichwa, na akikutana na neno jipya alikohoa mpaka waumini walijaze wenyewe.

Basi akaja Bibi Mikaela. Wakati huo hakuwa na jina hilo. Alikuwa mjane aliyetoka bondeni, mtu mzima wa mvi tupu, aliyeishi na mume ambaye hakutaka kusikia habari za kanisa. Mume alipofariki, bibi akahamia Malangali kwenye chumba cha mpwa wake, na wiki hiyo hiyo akaja kujiandikisha mafundisho. Alikaa benchi moja na watoto ambao miguu yao haifiki chini. Katekista hakumpunguzia kitu. Alimwamkia shikamoo, kisha akamsimamisha ajibu maswali. Bibi alikuwa akianza Baba Yetu vizuri kabisa na kutokea kwenye Salamu Maria, na Katekista alikuwa akimrudisha mwanzo. Hakukata tamaa yeyote kati yao, sijui nani alikuwa mkaidi zaidi.

Alibatizwa Pasaka, akachagua jina la Mikaela kwa ajili ya Malaika Mkuu. Mwaka huo parokia moja ya ng'ambo ilikuwa imetutumia boksi la zawadi: rozari za plastiki, medali, kadi za watakatifu, na vitu vingine walivyochangia watoto wa huko. Katekista alilifungua mwenyewe, na bila shaka miwani ilikuwa mfukoni. Mbele ya kanisa zima alichomoa kadi moja nyekundu yenye kung'aa, miale ya dhahabu ikitoka nyuma ya mtu aliyeinua mkono, akasema kwa sauti yake ya mahubiri kwamba huyu ni Malaika Mkuu Mikaeli, msimamizi wako, mwombe kila asubuhi. Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Sisi tuliokaa nyuma tuliona tu mng'ao.

Miezi ikapita. Siku moja Bibi Mikaela akaja dukani kwangu mtaa wa Chanji, ninapotoa fotokopi na kufanya leminesheni. Alifungua pindo la kitenge akatoa kadi, akaniomba niifunge kwenye nailoni ngumu kwa sababu moshi wa jikoni unaiharibu. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nje, maana goti lilikuwa likimsumbua.

Niliiangalia ile kadi chini ya taa. Alikuwa kaa. Kaa mwekundu, mwenye macho makubwa ya katuni na miiba mgongoni, gando moja limekuwa kubwa kuliko mwili wake wote na ameliinua juu kama anapiga hodi. Nyuma yake miale ya dhahabu, pembeni namba, chini maandishi ya kigeni. Kijana wa chuo aliyekuwa akisubiri fotokopi za vyeti akachungulia.

"Dada, hiyo si kadi ya gemu hiyo?" akasema. "Huyo ana nguvu za maji. Kuna washikaji wanazikusanya, wanabadilishana kabisa."

Nikapiga picha kwa simu, nikaifunga kadi, nikampelekea bibi pale nje. Aliigeuza juani miale icheze, akatabasamu, akaenda zake. Sikumwambia kitu. Lakini jioni ile nilifunga duka mapema kuliko kawaida, nikaelekea Malangali, na sitaficha kwamba nilikuwa natembea kwa furaha. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo tangu darasa la komunyo.

Nilimkuta uani anafunga tairi la baiskeli. Tukaamkiana, Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele amina, shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu. Nikampa simu. Aliishika mbali, akaileta karibu, akasema kwamba hiyo picha nimeiharibu mimi na mashine yangu. Nikamwambia kijana wa chuo alivyosema. Akaliacha tairi. Halafu akatoa kasha mfukoni, akatoa miwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona inapanda mpaka puani. Alinifanya nimwonyeshe namna ya kuikuza picha kwa vidole. Midomo yake ilikuwa ikihesabu miguu.

Furaha yangu iliishia hapo. Uso ulimshuka, na alikaa kwenye kigoda bila kuangalia kama kipo.

"Nilimwambia amwombe kila asubuhi," alisema.

Nikamwambia aliache tu. Bibi ana raha na kadi yake, Mungu anajua anayesalimiwa ni nani, na hakuna mwingine anayejua zaidi ya mimi na yule kijana. Akatikisa kichwa. Alisema siku moja mtu atapita mle chumbani, atacheka, na bibi atasikia kutoka kwa mpita njia kwamba kanisa zima lilimpa mdudu wa mchezo siku ya ubatizo wake. Atadhani alichezewa. Atarudi bondeni, hatakanyaga tena kanisani, na atakuwa na haki.

"Yule mama alisimama mbele ya watoto akakosea mpaka akapatia," alisema. "Mimi nishindwe kusimama mbele yake mara moja?"

Alishindwa kwa muda mrefu. Kwanza ilikuwa mahindi, lazima yavunwe. Baadaye tairi. Baadaye upepo. Nilikuwa nikimwona kanisani akipita mbali na benchi la Bibi Mikaela, na bibi akimpungia mkono. Mwishowe, asubuhi moja ya Jumamosi, akatokea dukani kwangu na shati lililopigwa pasi, miwani ameivaa, na mkononi ana kadi mpya ya Malaika Mikaeli aliyoitafuta mwenyewe duka la parokia. Malaika kamili, mwenye mabawa na upanga, joka chini ya mguu. Akasema nifunge duka twende, kwa sababu ni mimi niliyeleta maneno. Nikafunga.

Chumba cha Bibi Mikaela kina kitanda, meza na dirisha moja. Kaa alikuwa ukutani juu ya meza, kwenye msumari, ndani ya nailoni yangu, anang'aa. Bibi alifurahi kutuona, akatafuta viti, akataka kuweka chai. Katekista alimwamkia, akakataa kiti, akasimama katikati ya chumba huku ameshika kofia yake ya sufu. Nilimwona amesimama vile tulivyokuwa tukisimama sisi.

"Mama," alisema, "nilikosea."

Alieleza yote. Alieleza boksi, miwani, watoto wa ng'ambo, gemu. Hakujipunguzia kitu, hata ile miwani kukaa mfukoni aliitaja. Bibi alimsikiliza huku akiangalia kadi, kisha akamwangalia yeye.

"Kwa hiyo hukunitania," alisema.

Katekista hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Bibi akasema kwamba kaa anawajua, amekua akiwakamata kwenye vijito vya bondeni, asingeweza kumdhania malaika hata gizani. Akamkumbusha Katekista siku moja darasani, sala ilipompotea kwa mara nyingine, alimwambia mbele ya watoto kwamba anasali kwa ubavu kama kaa wa kwao. Watoto walicheka. Yeye alirudi nyumbani akalia, akajiuliza kama aache. Halafu siku ya ubatizo, mbele ya watu wote, mtu yule yule asiyecheka na yeyote akamkabidhi kaa.

"Nikasema, kumbe huyu mtani wangu," alisema bibi. "Nikajua nimepokelewa. Malaika namwomba kila siku, simjui sura wala siihitaji. Huyu ananichekesha kwanza, ndipo naanza kusali."

Aliinuka kwa taabu, akaitoa kadi kwenye msumari, akaifuta kwa kitenge ingawa haikuwa na vumbi, akamnyooshea.

"Chukua basi, Mwalimu. Kama si utani, ni ya watoto."

Katekista hakuipokea. Alikuwa na malaika mkono mmoja, na kaa amenyooshewa mbele yake, na uso wa yule mama ulikuwa umezimika. Aliangalia kadi moja, akaangalia nyingine, kwa miwani, muda mrefu. Kisha akamrudisha malaika mfuko wa shati, akakohoa kile kikohozi chake cha neno jipya.

"Mama," alisema, "malaika huyu anakwenda mbele moja kwa moja. Na wewe na ubavu wako, mtapotezana hapo hapo mlangoni. Baki na kaa."

Katekista akawa na uso wa mtu aliyevunja chombo cha watu. Halafu Bibi Mikaela akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, mpaka nikaogopa kifua chake.

"Na wewe uliyekwenda harusi ya Laela kwa basi la Matai," alisema alipopata pumzi, "anakuongoza nani?"

Katekista akajibu kwa haraka kwamba alikuwa amefuata mbegu. Lakini mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na nadhani kile kilikuwa kicheko, ingawa sina cha kulinganisha nacho. Kaa akarudi kwenye msumari. Tukanywa chai.

Tulirudi kwa miguu, yeye akiikokota baiskeli, upepo ukitupiga usoni. Tukafika njia panda ya kwenda Chanji. Hapo akasimama, akatoa ile kadi ya malaika mfukoni, akaitazama kwa miwani kana kwamba anahakikisha, akanipa. Nikaipokea kwa mikono miwili bila kufikiri, kama mtoto mwenye nguo nyeupe. Nilijua ni kadi gani hiyo na ni ya mwaka gani, na nikasubiri alitamke lile neno alilomwambia bibi, ambalo kumbe alikuwa analiweza.

Katekista akapanda baiskeli.

"Nimekiangalia tena kile kitabu," alisema. "Bado hakisemi Sumbawanga."